Vigingi Kando ya Mizinga

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Mama Asali alikagua mizinga yake. Alikuwa na mizinga kumi na minane. Ilipangwa juu ya viunzi vya mbao, chini ya miti, upande wa shamba ulioshuka hadi kwenye kijito. Jina lake halisi watu walikwisha kulisahau. Hata mumewe, aliyekuwa seremala na ndiye aliyeichonga mizinga hiyo, alimwita Mama Asali.

Kazi yake ilitaka utaratibu. Nyuki hawapendi papara. Alivaa kofia yenye wavu, akawasha bomba la moshi, akapuliza kidogo kwenye mlango wa kila mzinga, akasikiliza. Mzinga wenye afya hunguruma kama watu wanaozungumza chumba cha pili.

Asubuhi moja, alipofika mzinga wa sita, aliona kigingi. Kilikuwa kipya, kichwa chake kimepakwa rangi nyekundu. Hatua ishirini mbele kilikuwepo kingine. Kisha kingine. Vilifuata kijito, vikapita kati ya maji na mizinga yake.

Akakaa chini kwenye majani.

"Wamekuja kupima," alijisemea. "Wamepima nikiwa sokoni."

Alimkuta mumewe kwenye karakana, akipiga randa ubao.

"Baba watoto, kuna vigingi shambani."

"Vingapi?"

"Nimehesabu kumi na kimoja. Vingine viko ndani ya mpaka wetu."

Randa ikasimama. Mumewe alipuliza vumbi la mbao mikononi. "Mtu hapigi kigingi bure," akasema.

Mchana Mama Asali alikwenda dukani kununua chumvi. Mwenye duka alikuwa na habari tayari. Mtu yule hakupitwa na neno.

"Ni bustani ya umma," alimwambia. "Bustani ya kupumzika, na njia ya miguu kufuata kijito chote. Watu watakuja kutembea na mbwa wao. Hao nyuki wako watapigwa dawa. Nani atakubali kupita penye nyuki?"

Mama Asali alilipa, akaondoka. Chumvi akaiacha juu ya meza ya duka.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia nyumbani kwao. Ilikaa nao mezani. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuja kutoa ushauri ambao hakuombwa.

"Msiende kuuliza ofisini," alisema. "Ukiuliza, umewaamsha waliolala. Ving'oeni tu. Pasipo kigingi hapana njia."

Mumewe alisikiliza maneno ya ndugu yake. Aling'oa vigingi vitatu, akavificha chini ya maranda kwenye karakana. Alidhani hofu itapungua. Ikawa maradufu, maana sasa walikuwa na kosa. Kila gari lililopunguza mwendo karibu na lango lao, Mama Asali alihisi limemfuata mumewe. Akawa hapiki vizuri. Mara mbili aliunguza chakula huku amesimama mbele ya jiko.

Haikupita wiki mbili, jambo baya zaidi likatokea.

Ilikuwa alasiri. Watoto wa shule walikuwa wameanza kufuata vile vigingi kurudi nyumbani. Mama Asali alikuwa akianika nguo aliposikia kilio kutoka kijitoni. Alitupa nguo, akakimbia bila kofia wala wavu.

Msichana wa miaka kama tisa alikuwa akizunguka palepale, mkoba wa shule kichwani, nyuki wamemjaa. Alikuwa ameteleza akaegemea mzinga. Wenzake walikuwa wameshatimua mbio.

Mama Asali alimfunika kwa shuka aliyojifunga kiunoni, akambeba, akakimbia naye mpaka ndani ya nyumba na kufunga mlango. Akamkalisha kwenye mkeka. Miiba aliitoa haraka kwa kuikwangua na ukucha. Hakuibinya, maana mwiba wa nyuki ukiubinya unaweza kuisukuma sumu ndani. Ilikuwa minane. Lakini midomo ya mtoto ilianza kuvimba, na pumzi ikawa fupi, ya kukatika.

"Pumua, mwanangu. Nitazame mimi. Pumua."

Katika miaka yote ya kufuga nyuki, hajapata kuona mtu akivimba hivyo. Mumewe alimpakia mtoto kwenye baiskeli, Mama Asali akamshikilia mgongoni, wakaenda mbio hadi zahanati.

Muuguzi hakuuliza maneno mengi. Alimchoma mtoto sindano, akamlaza, akakaa naye. Baada ya muda ambao Mama Asali aliuona mrefu kama mwaka, alitoka nje.

"Anapumua vizuri sasa," alisema. "Mmefanya jambo jema kumwahisha. Midomo ikivimba na pumzi ikikata, hakuna kusubiri nyumbani, hakuna kujaribu dawa za majirani. Mngechelewa kidogo, ningekuwa nawaambia maneno mengine."

Mama Asali alikaa kwenye benchi, akalia kimya kimya.

Hapo ndipo baba wa mtoto alipofika. Alikuwa Fundi Baiskeli, yule mwenye kibanda pale njia panda. Grisi ilikuwa bado mikononi. Aliingia kumwona mwanawe, akatoka, akasimama mbele ya Mama Asali. Mama Asali alisimama pia. Alijua anachostahili kuambiwa.

"Nisamehe," alisema.

"Nimeambiwa ulikwenda bila wavu," Fundi alijibu. "Mikono yako imevimba. Keti, dada."

Wakakaa wote wawili. Fundi alitazama sakafu.

"Mimi ndiye niliyemwambia apite kijitoni," alisema. "Unamjua kaka yake, anayechechemea? Lori lilimgonga mwaka jana, akitoka shule. Barabara ile haina pa kupita mtu. Ndiyo maana wazazi tuliandika barua kuomba njia ya miguu. Mimi ni mmoja wa waliotia sahihi."

Mama Asali alihisi damu ikipanda. "Kwa hiyo ninyi ndio mliowaita waje shambani kwangu."

"Tuliomba njia, dada. Hatukuomba shamba lako. Sikujua kwamba vigingi vimeingia kwako mpaka leo."

Kisha Fundi akauliza, "Umepeleka maoni yako ofisi ya mipango? Tangazo lilibandikwa shuleni. Walitoa siku thelathini. Zimebaki nne."

"Tangazo gani? Mimi sina mtoto shuleni."

"Basi nenda kesho. Ukikaa kimya watadhani umekubali."

Usiku ule mume na mke hawakubishana. Asubuhi seremala alichukua hati ya shamba, akavifunga vile vigingi vitatu kwenye gunia, wakaenda.

Ofisi ya mipango ilikuwa chumba kidogo chenye makabati na meza kubwa iliyofunikwa ramani. Nyuma ya meza alikuwa binti mmoja mwembamba, miwani puani. Huyo ndiye afisa mipango.

"Shikamoo mama, shikamoo baba."

"Marahaba." Seremala aliweka gunia chini. "Binti yangu, nimekuja na kosa langu. Vigingi hivi niliving'oa mimi. Mke wangu hakuhusika."

Mama Asali alifumba macho, akangoja aitwe askari.

Afisa alifungua gunia, akatazama. "Ulikosea, baba," alisema kwa upole. "Alama ya mpimaji haiguswi hata kama imewekwa mahali pasipofaa. Ukiiona, kumbuka ilipo, uje uulize. Lakini nasi tulikosea. Tulipaswa kubisha hodi kabla ya kuingia. Kubandika karatasi shuleni hakutoshi."

"Kwa hiyo shamba linachukuliwa?" Mama Asali aliuliza. Hilo ndilo swali alilokuwa amelibeba wiki mbili.

"Hapana, mama. Kigingi si hati. Hii ni rasimu tu, wazo lililochorwa. Bado hatujaamua. Na ardhi ya mtu haichukuliwi kwa kigingi. Ikihitajika, mwenyewe anaitwa, anasikilizwa, na bila kufuata sheria na fidia hakuna kinachofanyika. Hebu tuone hati yenu."

Aliifungua, akailinganisha na ramani, akapima kwa rula. Akapima tena. Akavua miwani.

"Wapimaji walianza kupima kwenye maji," alisema. "Walipaswa kuanza kwenye mawe ya mpaka. Kijito kimehama."

"Kilihama wakati wa mafuriko," seremala alisema. "Kilisogea upande wetu."

"Basi njia imeingia kwenu kama hatua sita. Nashukuru mmekuja. Sasa niambieni, upande ule mnafanya nini?"

"Nafuga nyuki," alisema Mama Asali.

Afisa alitazama ramani. Pale palichorwa miti tu. "Mama, ramani haijui nyuki. Wewe ndiye unayejua. Kaa hapa, tuandike. Mizinga iko wapi, nyuki huruka upande gani, siku gani unavuna, wakati gani wana hasira. Na yule mtoto, niambie yote."

Waliandika mpaka mchana. Mama Asali alikuwa na kisomo cha watu wazima, akaandika sahihi yake mwenyewe, polepole, herufi moja moja. Siku ya pili afisa alikuja shambani na buti miguuni. Alisimama mbali na mizinga, akawatazama nyuki kwa saa nzima, akiandika.

Lakini hofu ilikuwa bado. Palibaki mkutano wa hadhara.

Ukumbi wa shule ulijaa. Afisa alieleza rasimu ya kwanza, akaeleza na matatizo yake. Mtu mmoja aliyevaa viatu vya mazoezi akainua mkono.

"Mimi nataka njia ipite kandokando ya kijito, hapo ndipo pazuri. Kwa nini tusihamishe nyuki? Si wana mabawa?"

Watu wakacheka. Mama Asali aliona ukumbi unazunguka. Mumewe alimgusa kiwiko. Akasimama.

"Mabawa wanayo," alisema, sauti ndogo. "Na kwao wanako. Maboga yenu yanazaa kwa sababu nyuki wanayatembelea. Mimi sikatai njia. Nimeona mtoto akikosa pumzi mikononi mwangu. Sitaki kumwona mwingine. Nikikubali njia ipite hapo, nitakuwa naogopa kila siku. Nanyi mtaogopa."

Akakaa. Hakuna aliyecheka.

Fundi Baiskeli akasimama nyuma kabisa. "Aliyeumwa ni mwanangu," alisema. "Naitaka njia kuliko ninyi nyote. Lakini njia ya kumtoa mtoto kwenye lori na kumpeleka kwenye mizinga, hiyo si njia. Ng'ambo ya kijito ni ardhi ya umma. Tujengeeni daraja dogo kabla ya shamba la huyu mama, tuvuke, na jingine mbele yake, turudi."

Mwenye viatu vya mazoezi alikuna kichwa. "Daraja nalo si baya," akasema.

Maneno yalikuwa mengi siku ile. Mkulima mmoja aliuliza nani atafunga malango. Mwingine alitaka mbwa wafungwe kamba. Afisa aliandika yote, na mwisho akayasoma kwa sauti ili kila mtu asikie kilichoandikwa. Baada ya mwezi ramani mpya ilibandikwa shuleni, dukani na zahanati. Safari hii afisa alipita pia nyumba kwa nyumba kwa majirani wote wa kijito, akibisha hodi.

Njia ilivuka kwa daraja la mbao kabla ya shamba, ikarudi kwa jingine mbele yake. Upande wa Mama Asali ulipandwa wigo wa miti, mrefu kuliko mtu, ili nyuki wapae juu ya vichwa vya wapitaji. Kwenye kila daraja paliwekwa kibao: "Kuna nyuki. Usivuke wigo." Ilikubaliwa kwamba siku za kuvuna Mama Asali atatoa taarifa ofisini mapema, na kipande kile cha njia kitafungwa hadi jioni. Malango ya wakulima yalifungwa springi, yakawa yanajirudi yenyewe. Mpaka ulipimwa upya, kutoka kwenye mawe. Hakuna aliyepoteza hata hatua moja.

Siku njia ilipofunguliwa Mama Asali hakwenda kwenye hotuba. Alikuwa shambani, amevaa wavu, akisikiliza mizinga. Moyo wake haukuwa umetulia. Alisikia sauti za watu ng'ambo, viatu juu ya mbao, vicheko, kisha kimya.

Akageuka. Kwenye daraja la kwanza alikuwa amesimama yule msichana wa Fundi Baiskeli, peke yake, mkoba kifuani. Wenzake walikuwa wameshavuka na kumwacha. Alikuwa ameshika ukingo wa daraja kwa mikono miwili, hasogei mbele wala nyuma.

Mama Asali alishuka hadi mwisho wa wigo, karibu na daraja, akainua wavu ili uso wake uonekane.

"Mwanangu, vipi?"

"Leo wamekasirika?" mtoto aliuliza.

Mama Asali alisikiliza. Mizinga ilinguruma taratibu nyuma yake. "Hapana. Leo wako kazini."

"Mimi naogopa."

"Hata mimi naogopa. Wewe pita, mimi nasimama hapa nakutazama mpaka ufike."

Mtoto alivuta pumzi ndefu, iliyojaa, isiyokatika. Akaachia ukingo mkono mmoja, kisha wa pili. Akatembea.