Chupa Nyeupe ya Loyce

Kila asubuhi Loyce alifagia uwanja, akawafungulia kuku, kisha akamshikia mama ndama wakati ng'ombe akikamuliwa. Jumatatu ile aliongeza kazi moja ambayo mama hakuiona. Alimimina maziwa kidogo kwenye kichupa cha dawa, akakificha ndani ya begi la madaftari.

Loyce alisoma darasa la saba katika shule moja ya Misigiri. Klabu yao ya sayansi ilikuwa ikijiandaa kwa maonyesho ya mjini Singida. Mwalimu Febronia alikuwa amewaeleza kwamba gesi asilia inaweza kuvunjwa kwa mvuke mkali ili kupata haidrojeni, na haidrojeni ikipozwa kwa baridi isiyo ya kawaida hugeuka kimiminika cha kuendeshea mitambo.

"Lakini kazi hiyo huzalisha hewa ukaa," alisema. "Ikiachwa ipae angani, tumehangaika bure. Lazima ikamatwe palepale. Kiwanda hatuna, ila kukamata tunaweza kuonyesha."

Kiwanda chao kilikuwa kopo la mkaa unaowaka, pampu ya baiskeli na mpira mwembamba ulioingia kwenye chupa ya maji ya chokaa. Hewa ukaa ikipita humo, maji maangavu hugeuka meupe. Wiki nzima iliyotangulia, Loyce na jirani yake wa dawati, Peniel, kila mmoja na chupa yake, walipampu hadi mikono ikawauma, na maji ya chupa zote mbili yakabaki vilevile. Peniel aliandika kwenye daftari: "Maji hayakubadilika." Loyce aliwaza maziwa.

Jumatatu hiyo maji yake yakawa meupe, darasa likapiga makofi. Mwalimu Febronia aliifunga chupa, akaiweka kwenye dirisha la ofisi.

"Hii itafunguliwa Ijumaa mbele ya majaji," alisema. "Tutauchuja ule weupe wauone. Loyce ndiye atakayetuwakilisha. Peniel, wewe umekosea mahali. Rudia."

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Mama alitangaza habari kwa majirani wote, akamtafutia Loyce viatu vya kwendea mjini. Loyce alivijaribu, akaona vinambana, ingawa vilikuwa saizi yake. Jumanne aliichungulia chupa kupitia kioo: jua lilikuwa likiipiga. Jumatano maziwa yalianza kuganda, mabonge yakatua chini. Kuichukua hakuweza, maana ofisi ilifungwa kwa kufuli. Kusema hakuthubutu. Kila aliyempongeza alikuwa kama anaongeza kufuli jingine. Chakula kilimshinda, akasingizia tumbo.

Alhamisi alimkuta Peniel peke yake darasani, ameshika kifutio.

"Unafanya nini?" aliuliza.

"Nafuta," Peniel alijibu bila kumtazama. "Nimerudia mara sita. Kama kwako yamegeuka, basi mimi ndiye sijui kuona. Naandika yamegeuka, yaishe."

Loyce aliona aibu iliyomchoma mpaka machozi yakamtoka. Mtoto wa watu alikuwa anafuta ukweli kwa sababu yake.

"Usifute," alisema. "Yangu ni maziwa."

Peniel alikiweka kifutio chini. Loyce alikwenda ofisini kabla hajabadili nia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona unalia?"

Alieleza yote, hata kilichoandikwa kwenye daftari la Peniel. Mwalimu Febronia alifungua chupa, akageuza uso upesi, kwa maana harufu ilijieleza yenyewe. Aliifunga tena.

"Chokaa mlitoa wapi?"

"Kwenye ndoo ya stoo, Mwalimu. Ile iliyobaki tulipopaka madarasa."

Walikwenda stoo pamoja na Peniel. Ndoo haikuwa na mfuniko, na juu ya maji yake palikuwa na utando mweupe mgumu. Mwalimu aliugonga kwa kidole.

"Chokaa hii imekaa wazi tangu likizo. Imekamata hewa ukaa iliyomo hewani mpaka ikaisha nguvu. Peniel, hukukosea. Mimi ndiye niliyekosea kukuhukumu kabla ya kuikagua ndoo. Naomba radhi."

Walipata chokaa mpya kwa fundi mwashi, wakaikoroga kwenye chupa iliyofungwa vizuri, maji yakatulia na kuchujwa. Peniel alipampu. Kidogo kidogo, bila maziwa ya mtu, maji yakawa meupe.

Ijumaa Peniel ndiye aliyeeleza mbele ya majaji. Loyce alishika pampu, na viatu vipya vilibaki nyumbani kwa amri ya mama, ambaye sasa alikuwa ameelezwa yote. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza wiki ile alikula akashiba.

Wakati wa kufunga vifaa, Mwalimu Febronia alimwita kando.

"Mimi ulinidanganya, na majaji ungeweza kuwadanganya pia," alisema. "Sasa fikiria kiwanda kinachoandika kuwa kimekamata hewa ukaa, kumbe hakijakamata. Watu watapiga makofi, na hewa itapaa vilevile. Sema ulichokiona, hata kama ni chupa iliyokataa. Ndoo ile tusingeigundua bila daftari la Peniel."