Rejeta ya Oili ya Datsun

"Nungunungu, Nungunungu. Sikia."

Redio ya Motorola ilikoroma juu ya dashibodi ya Peugeot 504. Kashindye aliishika.

"Nakusikia, Makao."

"Kuku ametoka kwenye tenga. Dakika ishirini zilizopita. Anaelekea Sirari, na kile kitu anacho."

"Amekificha wapi ndani ya gari?"

"Hiyo ni kazi yako."

Redio ikanyamaza.

Kuku alikuwa mzungu aliyejiita Lorenz. Mwaka huo wa tisini na nne milango ilikuwa imefunguliwa kwa wanunuzi binafsi wa pamba, na watu wa namna yake walijaa Mwanza kama kumbikumbi. Lorenz hakuwahi kununua hata kilo moja. Alichonunua ni kipande cha filamu kisichozidi urefu wa kidole, chenye majina tisa. Walikuwa watu tisa wa ng'ambo ya mpaka, waliokuwa wakiipa ofisi ya ujasusi ya Kashindye habari za magendo ya bunduki. Wenye bunduki walikuwa wanaingoja filamu hiyo Nairobi. Ikivuka mpaka pale Sirari, watu tisa watachinjwa.

Jina la tatu lilikuwa Rozina Akelo.

Kashindye alimwoa kwa amri ya ofisi, akaishi naye Kisumu miaka minne, akamwacha kwa amri ya ofisi hiyohiyo. Juzi alipolisoma jina lile kwenye faili, alingoja moyo ushtuke. Haukushtuka. Alifunga faili, akaenda kula wali na sato.

Gari la Lorenz lilikuwa Datsun 240Z ya rangi ya chungwa, gari la mashindano la zamani, ambalo alidai analipeleka Nairobi kwenye maonyesho. Lilikuwa limelala siku mbili gereji kwa Mzee Ng'washi, Igoma. Kashindye alisimama hapo bila kuzima injini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Mwangaluka," mzee aliongeza salamu ya Kisukuma.

"Ile Datsun ya mzungu umeifanyia nini?"

Uso wa mzee ulichanua. "Gari tamu ile! Ila kwenye mwendo mrefu oili yake inachemka. Basi inaongezewa rejeta ndogo ya oili, inakaa mbele pale kwenye upepo. Oili inatoka kwenye injini kwa mpira mmoja, inapoa, inarudi kwa mpira wa pili. Rejeta alikuja nayo mwenyewe. Nzito! Na ukiigonga upande mmoja hailii sawa."

"Akakwambia nini?"

"Nifunge tu ionekane. Ati mipira nisiiunge na injini, wataunga Nairobi."

Kashindye alielewa. Rejeta isiyopitisha oili ni sanduku, na hakuna ofisa wa forodha atakayefungua rejeta.

"Kwa hiyo hukuunga."

Mzee Ng'washi aliangalia spana mkononi mwake. "Nilifunga kazi, baba. Kazi ilifungwa."

Hilo halikuwa jibu, lakini Kashindye alikuwa na haraka, akaliacha lipite.

Kisesa.

Mia na thelathini kwa saa.

Mia na hamsini. Mbuzi wakaruka mtaroni, wenye baiskeli wakamtukania mama yake.

Lorenz alikuwa mtu mwangalifu, alikwenda sabini kama padri. Kashindye alimwona alipokuwa akitoka Magu, akamwashia taa kubwa zote. Alitaka ashtuke, afanye kosa. Datsun ilinguruma, ikachomoka, ikabaki nukta ya chungwa mbele kwenye lami.

"Makao, kuku ameniona. Anaruka."

"Usimpoteze."

"Sawa."

Kilomita arobaini walifukuzana hivyo. Kashindye alitoa bastola yake ya Browning, akaiweka mapajani. Alijaribu kumfikiria Rozina, alivyokuwa akicheka akikaanga samaki. Picha ilikuja vizuri tu, lakini haikumfanya kitu.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Karibu na Lamadi, ziwa likionekana kushoto, Datsun ilitoa mlio wa chuma kinachosagika. Moshi ukafumka kwenye boneti. Gari likaserereka, likafa kando ya shamba la pamba.

Lorenz alitoka mikono juu, akitabasamu. "Mimi nanunua pamba tu, bwana."

"Fungua ile rejeta."

Tabasamu likafa. Kashindye alimwonyesha mdomo wa Browning. Mzungu akachukua spana, akapiga magoti mbele ya bampa, akalegeza mpira wa kwanza.

Oili ya moto ilimrukia. Alipiga yowe, akaushika mkono wake ulioungua.

"Ameunga! Nilimwambia asiunge!"

Kashindye aliinama. Mipira yote miwili ilikuwa imekazwa kisawasawa. Kwenye mfumo wa namna hiyo kuna kilango kinachofunguka oili ikichemka tu. Kwa mwendo wa kipadri kisingefunguka, na filamu ingefika Nairobi salama. Zile mbio ndizo zilizokifungua. Oili iliingia ikiwa moto kama wa kukaangia maandazi, ikaikaanga filamu, ikayabeba mabaki hadi kwenye injini, yakaziba njia. Rejeta ilipofunguliwa, ndani palikuwa na gundi nyeusi tu.

Alimfunga Lorenz pingu, akachukua redio.

"Makao. Kuku yumo kwenye sufuria."

"Na kitu?"

"Kimekaangwa. Halisomeki jina hata moja."

"Rozina yu salama, basi."

"Sawa."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia."

Asubuhi ya pili alipita Igoma. Madereva wa malori walikuwa wameshaieneza habari ya Datsun. Mzee Ng'washi alikuwa ameketi juu ya tairi, gereji imefungwa, spana zake zote zimefungwa kwenye gunia.

"Nimeua injini ya mtu," alisema. "Alinikataza, nikaunga. Niliona haya, baba. Gari litoke kwa Ng'washi mipira inaning'inia, watu watasemaje? Nikaunga kimyakimya, nikalijaribu taratibu mpaka Kisesa na kurudi, likawa zima. Miaka ishirini na saba halijafa gari barabarani kutoka mkononi mwangu."

Kashindye alisimama mbele yake. Umeokoa watu tisa. Maneno matatu tu. Lakini alikuwa amekula kiapo, na mtu akiambiwa jambo kama hilo Igoma, jioni linajulikana mpaka Sengerema.

"Mwambie mzungu aniletee hiyo injini," mzee alisema. "Nitaifungua yote, hata mwezi mzima, bure. Na umwambie anisamehe."

"Nitamwambia."

"Unaniahidi, baba?"

"Nakuahidi, mzee."

Alirudi kwenye Peugeot kwa hatua zake zilezile, bila kugeuka. Akakaa, akawasha injini. Ndipo alipoona aibu, aibu halisi, iliyompanda mpaka masikioni. Akavaa miwani, akaingiza gia.