Mtangulizi Ahesabu Watatu

Nakijwa Mshana hakuwa na miwani ya theluji. Hakuwa na glovu zilizomtosha, wala mafuta ya midomo. Hakuwa amewahi kufunga skii miguuni hata siku moja, na subira hakuwa nayo kabisa. Alichokuwa nacho ni shahada ya uhandisi, kidhibiti cha mkononi, na agizo la kampuni: siku nne mlimani, kasoro iondolewe, na akirudi atakuwa mhandisi mkuu.

Ulikuwa mwaka wa kumi na tisa tangu miavuli ya anga ifunguliwe juu ya Kilimanjaro. Miavuli hiyo ilipunguza jua kidogo tu, na theluji ikashuka tena hadi uwanda wa Shira. Wageni walikuja kuteleza kutoka kambi hadi kambi kwa skii, zile mbao nyembamba zinazofungwa kwenye viatu. Mbele yao alitangulia Mtangulizi.

Huyu alikuwa mashine ya miguu sita, kimo cha mbuzi. Alichora mifereji miwili kwenye theluji, na anayefuata akatia skii zake humo, akateleza kama treni kwenye reli. Alihisi nyufa za barafu chini, na alijua mvua ya mawe saa nzima kabla haijanyesha. Kasoro yake ilikuwa moja. Kila ukungu ulipopanda alisimama, akageuka nyuma, akainamisha taa ya kichwani mara moja kwa kila msafiri, kisha mara moja zaidi. Halafu akasubiri dakika nne. Wageni walilalamika kwamba wanaganda.

"Shikamoo, mama," Nakijwa alimwamkia kiongozi wa safari.

"Marahaba. Kumbe wewe ndiye daktari wa mwanangu?" Mama Anandumi alimpapasa Mtangulizi mgongoni. "Mbona hana homa?"

Siku ya kwanza Nakijwa alianguka mara kumi na nne. Asubuhi jua lilimchoma mashavu, saa sita mvua ya mawe ikampiga kofia, saa tisa anga ikawa buluu kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Legeza magoti, mhandisi! Umesimama kama mwimbishaji wa kwaya."

"Theluji inanivuta, mama."

"Theluji haina mikono. Inuka, twende."

Siku ya pili ukungu ulipanda. Mtangulizi akasimama, akageuka. Moja. Mbili. Tatu.

"Tuko wawili," alisema Nakijwa. "Hesabu yake mbovu."

"Umemuuliza aliyemfundisha?"

Nakijwa alijua kilichoandikwa kwenye faili. Mwendo wa Mtangulizi ulichukuliwa kwa mpagazi mmoja, aliyevaa soksi zenye vihisio vya kunakili hatua zake misimu mitatu mfululizo. Faili lilimwita mtembezi namba saba.

"Namba saba!" Mama Anandumi alicheka bila furaha, akammiminia chai. "Kunywa kabla haijawa barafu."

Asubuhi ya tatu, bila kumwambia mtu, Nakijwa alibonyeza kidhibiti akazima ile tabia.

Mchana ukungu ukaja kwa kasi, na Mtangulizi hakusimama. Skii ya Nakijwa ikafunguka. Akainama kuifunga, na alipoinua kichwa hakuona mashine wala mama. Upepo ulikuwa umejaza theluji kwenye mifereji. Akaita. Weupe ukameza sauti yake. Kwa vidole vilivyokufa ganzi akabonyeza tena: rejesha.

Akasubiri. Kisha, mbali upande wa kushoto, ambako yeye asingekwenda kamwe, taa ya njano ikageuka kumwelekea. Ikainama mara mbili. Ikatulia palepale.

Alianguka mara tatu kabla hajaifikia. Mama Anandumi alimkamata ukosi wa koti.

"Ulimzima?"

"Nilimzima, mama."

"Wewe mtoto! Ningeshuka nikamwambie nini aliyekuzaa?" Kisha akamkumbatia kwa nguvu hadi miwani ya kuazima ikapinda. Kando yao Mtangulizi alianza upya: moja, mbili, tatu.

Kambini, soksi zikikauka, mama alieleza. Namba saba ni mzee Aminieli Lyaruu wa Machame. Alipanda na mdogo wake, mpagazi pia, na ukungu ukamchukua kijana yule kwenye mawe ya juu. Tangu hapo, kila ukungu ulipopanda, Aminieli aligeuka, akahesabu watu wake, akamhesabu na mdogo wake, akamsubiri kidogo.

"Jina lake halitamki. Na waliokuja na soksi zao walichukua miguu, hawakuuliza kitu."

Siku ya nne, langoni, Nakijwa aliandikia kampuni mstari mmoja: *Hakuna kasoro, anahesabu alivyofundishwa.* Alijua cheo kimekwenda na mstari huo. Kisha akaomba karatasi, maana mama alimwambia macho ya mzee hayapendi kusoma kwenye vioo vya simu.

*Shikamoo, mzee Aminieli. Mimi ni Nakijwa, nilipotea jana kwenye ukungu. Nimerudi kwa sababu mlimani bado kuna anayegeuka nyuma kama wewe. Faili la Mtangulizi sasa lina jina lako, si namba. Hapa chini nimeacha mstari mtupu, kwa jina la yule wa mwisho. Ukipenda, lijaze unirudishie. Usipopenda, ataendelea kusubiriwa vilevile.*

Akapiga mstari kwa rula. Akakunja karatasi, akalowesha gundi ya bahasha kwa ulimi, akaibana kwa kidole gumba hadi ikashika. Kipanga-posta, kile kidege cha mashine kinachobeba barua, kilikuwa kinangoja kwenye dirisha la ofisi ya lango. Akaitia bahasha tumboni mwake, akafunga kifuniko, akakiachia kielekee Machame.