Pumzi ya Shakirah

Mwanzoni hakuna mtu katika shule moja ya Koboko aliyeweza kueleza kwa nini maji ya chokaa yalikataa kubadilika. Mtu akipuliza kwa mrija ndani yake, gesi iliyo katika pumzi huyafanya meupe kama maziwa. Wanafunzi walipuliza, yakawa meupe. Shakirah, msaidizi wa maabara, akapuliza, yakabaki maangavu.

Mwalimu Adrabo alibadilisha chupa, akabadilisha mrija. Vilevile.

"Dada, labda wewe iko maiti," mwanafunzi mmoja alitania, darasa likacheka.

Shakirah hakukasirika. Alisema tu kwamba tangu wiki iliyopita hasikii njaa, wala baridi, wala chochote.

Adrabo akakumbuka. Wiki iliyopita alitia maji kwenye chokaa mbichi, ikachemka, kisha akaenda kumwaga tope lake la moto nyuma ya maabara. Shakirah, binti wa Kinubi, alimshika mkono.

"Ticha, sema bismillah kwanza. Chini iko na watu."

Adrabo, Mkristo aliyetoka Ayivu, hakumdharau. Aliona ni desturi ya kwao tu, akamwaga bila kuisema. Mvuke ulimpanda Shakirah usoni.

Sasa harufu ya chokaa ya moto ilijaa maabara ingawa hakuna kilichochemka, na chini ya sakafu, popote Shakirah aliposogea, ikasikika sauti ya kitu kinachovuta pumzi ndefu, taratibu, kama kinachokunywa, na kila kilipovuta, midomo ya msichana ilizidi kuwa ya kijivu, naye akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Wanafunzi walitolewa. Babu yake, Shehe Tahiru, akaitwa. Alisoma dua, akainamisha sikio sakafuni, kisha akaeleza kwa sauti ya chini kwamba tope lile liliua mtoto wa jini huko chini. Mama wa mtoto huyo alidai pumzi kwa pumzi, naye ameshika ya yule aliyekuwa karibu. Kabla ya magharibi itakwisha.

Adrabo aliuliza kama yapo malipo mengine.

"Hapana," shehe alisema. "Ile mutu alimwaga, atoe yake. Lakini mimi siwezi kukulazimisha, mwanangu."

Hakuna aliyemtazama. Adrabo alivua viatu, akachukua mrija, akaenda nyuma ya maabara, akapiga magoti, akauchomeka ardhini na kuanza kupuliza.

Ndani, Shakirah alikohoa, akaomba shuka, akasema anasikia baridi.

Nje, Adrabo alikuwa bado anapuliza. Hakuwa amevuta pumzi hata mara moja.