Benchi la Watu Wawili

Jua lilikuwa linazama mpigapicha alipotoka maabara ya kusafishia filamu, mkebe wa mkanda kwapani. Ilikuwa filamu ya kimaskini: kamera kongwe, benchi moja, na waigizaji wawili, dada yake na mume wa dada yake. Shemeji ndiye aliyeitunga, hadithi ya mke na mume wasiosemezana, na kama kawaida yake akataka kuipiga kwa namna ya kuumiza watu vichwa. Kwanza wangefunika nusu ya lenzi kwa kadi nyeusi, wampige mke peke yake upande mmoja wa benchi. Kisha mkanda ungerudishwa nyuma, kadi ihamie upande wa pili, apigwe mume. Filamu ikioneshwa ukutani, wangeonekana wamekaa pamoja, lakini wasiweze kugusana kamwe.

Dada alipiga nusu yake. Kabla ya nusu ya pili akaugua, akafa.

Alipokuwa kitandani, chumba kizima kikinuka dawa ya kuchua, alimshika mpigapicha, mdogo wake, mkono. "Shemeji yako usimwache peke yake." Mdogo mtu akaahidi. Kuahidi ni rahisi. Kazi ilikuwa kumtunza mtu aliyekonda hadi nguo zikawa zinamvaa yeye, asiyekula mpaka asimamiwe.

Siku shemeji alipokubali kumaliza filamu, mpigapicha alifurahi, akidhani kazi itamrudishia uhai. Shemeji akakaa kwenye benchi, akaigeukia nafasi tupu. Alipaswa kusema, "Nenda zako, nimekuchoka." Filamu haikuwa na sauti, lakini aliyekuwa nyuma ya kamera alisikia wazi alichosema.

"Uko peke yako huko?"

Akaiinamia ile nafasi tupu.

"Nije?"

Mpigapicha hakumkatiza. Alimwonea huruma mno.

Ndio mkanda huo alioufikisha nyumbani kwa shemeji jioni ile. Wakazima taa ya sebuleni, wakakaa bega kwa bega, projekta ikaanza kukereza. Mwanga... benchi... na dada huyo hapo, ameinamisha kichwa kama alivyoelekezwa. Siku ile hakukiinua hata mara moja. Mpigapicha ndiye aliyempiga, aliona kwa macho yake. Machozi yakamtoka.

Ukutani, midomo ya shemeji ikacheza. Uko peke yako huko?

Dada akainua kichwa.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu...

Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa sebule nzima.

Midomo ikacheza tena. Nije? Dada akasogea kidogo, akapigapiga benchi kando yake. Na kule ukutani shemeji akainuka, akauvuka mstari mweusi ulioachwa na kadi katikati, akaketi pale alipoonyeshwa. Wakashikana mikono.

"Shemeji," mpigapicha alinong'ona. "Shemeji, unaona?"

Aliyekaa kando yake hakugeuka.

Wa ukutani ndiye aliyegeuka.

Alimtazama kwa upole, kama mtu anayemuaga jirani. Kisha mkanda ukaisha, ukuta ukabaki mweupe.

Daktari anasema ni huzuni tu, itapungua. Fundi wa maabara naye alisema mikanda inayopigwa mara mbili haikosi vituko. Huenda wote wawili wanasema kweli. Shemeji anaishi kwa mpigapicha sasa. Anapumua, anameza akilishwa, akiitwa haitiki. Mpigapicha humwogesha, humkata kucha, humsimulia habari za mtaani, na akimaliza hulia, maana anajua kwamba katika watu watatu waliokuwa na ile kamera, aliyeachwa ni yeye.

Mkanda ameufungia kabatini. Kuna jioni hutamani sana kuwaona, hata kwa dakika moja, na mkono hufika hadi kwenye ufunguo. Hapo husita. Anaogopa kumkuta dada yake amesogea tena, amemwachia nafasi.

Akiitwa, hajui kama ataweza kukataa.