Sarafu za Jua Lililopatwa

Jumatatu asubuhi. Chumba cha nyuma ya gereji.

"Sarafu za dhahabu," Shemeji alisema. "Ukumbusho wa kupatwa kwa jua. Haziendi sokoni. Wakusanyaji wanazigombania kama wehu."

Sura ya sarafu zile aliichonga Mchongaji mwenyewe. Ukizima taa, duara la jua linang'aa kwa rangi maalumu. Na Shemeji ni kaka wa mkewe. Kumkatalia si rahisi.

"Mlinzi?" Dereva aliuliza.

"Mzee tu. Anamfungulia huyu bila maswali."

"Damu isimwagike," Mchongaji alisema. "Yule mzee ndiye aliyeniombea kazi."

"Niamini, shemeji."

Saa nne asubuhi. Kiwanda cha sarafu.

Dereva alibaki garini. Mzee alifungua chumba cha hazina huku akitabasamu. Kisha akaiona bastola ya Shemeji nyuma ya bega la Mchongaji.

"Mwanangu, wamekulazimisha?"

Mzee akanyoosha mkono kwenye kengele. Shemeji akafyatua. Mlio mmoja. Mashine za kugongea sarafu ziliumeza.

Mchongaji alipiga magoti, akavua shati, akalikandamiza kwenye jeraha la Mzee. Nyuma yake sarafu zilimiminika mfukoni.

"Twende!"

"Nikimwachia atakufa."

"Basi kaa naye."

Shemeji aliifuta bastola kwa leso, akaitelezesha sakafuni hadi magotini pake. Mlango wa chuma ukajifunga. Kwa ndani haukuwa na kitasa.

Mchongaji alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nje, mashine ziligonga tu, ta, ta, ta. Mzee alimshika kidole, akakibana. Baadaye hakukibana tena.

Saa kumi na moja jioni. Kituo cha polisi.

Mkewe aliingia akilia. Kaka yake alikuwa amemshika bega.

"Baba watoto, umefanya nini?"

Damu ilikuwa imemkaukia Mchongaji hadi kwenye viwiko. Alimtazama Shemeji. Shati safi. Amenyoa.

"Waambie ukweli, shemeji," Shemeji alisema kwa upole. "Usiwe na wasiwasi na nyumbani. Dada na watoto wanahamia kwangu leo."

Vidole vyake vilikaza kidogo begani kwa dada yake. Mkewe hakuona chochote.

Afisa aligonga meza kwa kalamu. "Nauliza mara ya mwisho. Ulikuwa na nani?"

Mchongaji aliutazama ule mkono.

"Peke yangu," alisema.