Uzi Mmoja Mmoja

Fundi alikuwa bado hajachomeka waya kwenye gitaa, na spika tayari ilikuwa inanguruma.

Akaligeuza lile gitaa pale mezani. Lilikuwa la kizamani, la mbao ya rangi ya chai, la aina ile inayopigwa kavu au kwa umeme, yenye kinasa sauti kilichofichwa chini ya kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi. Akafungua kijumba cha betri. Betri ilikuwa imeoza na kutoa unga wa kijani, na waya wake mmoja ulikuwa umekatika kabisa. Gitaa la hivyo halina nguvu ya kuamsha hata spika ya redio ya mtoto. Akaizima spika, akaiwasha tena, ikanyamaza. Akasema moyoni ni mambo ya umeme wa mtaa huu, basi.

Watu walimwita Fundi Sikio. Alikaza nyuzi sita bila kifaa chochote, na aligundua ufa ndani ya mbao kwa kugonga kwa ukucha. Mkewe alikuwa amefundisha darasa la kwanza kwa miaka ishirini na miwili, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Mwalimu alikuwa na msemo wake: mume wangu husikia kila kitu isipokuwa mtu. Zamani aliusema kwa kucheka. Siku hizi aliusema tu.

Gitaa lenyewe lililetwa mchana ule na mjane wa mpiga gitaa wa bendi. Alikuwa mwanamke mrefu, mtandio umefunga shingo yote, na alizungumza kwa mnong'ono mkavu hata fundi ikabidi ainame ili amsikie.

"Nataka nyuzi mpya, fundi. Na usafishe. Lakini nakuomba, toa uzi mmoja, weka mmoja. Usizitoe zote kwa pamoja."

"Kwa nini, dada?"

"Marehemu ndivyo alivyokuwa akifanya."

Fundi humsamehe mteja anayechelewa, humsamehe hata mbishi, lakini kumsamehe anayemfundisha kazi ni mtihani. Sikio akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Dada yangu, wewe ukienda kushonwa kidonda, unamwambia daktari aanzie wapi?"

"Nakuomba tu," akanong'ona mjane.

"Nimesikia."

Alisikia kweli. Mjane hajafika hata kona, fundi ameshalegeza funguo zote sita. Na tusimwonee, sababu alikuwa nayo. Shingo ya gitaa ilikuwa imeganda jasho la miaka thelathini, mfupa umelika, na daraja, ule ubao unaoshikilia nyuzi kifuani, lilikuwa limeanza kubanduka; lilitaka gundi na kubanwa siku mbili. Kazi hiyo haifanyiki nyuzi zikiwa zimekazwa. Fundi yeyote anayejiheshimu angefanya vilevile, kisha angejisifu. Akachomoa uzi mmoja baada ya mwingine, na ulipotoka wa mwisho, kutoka kwenye tundu la gitaa ikatoka pumzi.

Ilikuwa pumzi ya moto, ndefu, yenye harufu ya kinywa cha mtu aliyelala siku nyingi. Ikampita usoni. Akabaki ameshika uzi hewani.

Wakati huohuo Mwalimu akaingia kutoka shuleni, begi la madaftari begani. Njia ya kwenda nyumbani kwao ilipita katikati ya karakana. "Habari za mchana, mume wangu?"

Fundi akainua mkono bila kugeuka, kama kawaida yake.

Mwalimu akasimama. "Umesema kitu?"

"Sijasema."

"Kuna mtu amenirudia maneno," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Hapo mezani."

"Pita ukale, umechoka."

Kesho yake Mwalimu alirudi kabla ya saa nne. Alikuwa akiwasomesha watoto irabu, yeye anasema, wao wanaitikia. A ikatoka, e ikatoka, i ikakwaruza, o ikatoka nusu. Akafungua mdomo aseme u, pakatoka hewa. Watoto arobaini wakaitikia ile hewa kwa kupumua kwa pamoja, haa, halafu wakacheka, halafu mmoja akaanza kulia bila kujua kwa nini. Akamsimulia mumewe kwa kunong'ona, ameshika koo. Fundi alikuwa anapaka shingo ya gitaa mafuta. Akamwambia ni mafua.

Mchana ule wa pili ndipo hofu ilipomfikia na yeye. Jua lilikuwa kali, mtaa umelala, hata kuku wamejificha, na fundi alikuwa ameinama akisugua mfupa mpya kwa msasa laini aliposikia mkewe anamwita. "Mume wangu, njoo." Sauti ilikuwa safi, haina mafua hata chembe, na ilikuwa tamu namna ambayo hakuwa ameisikia tangu wakiwa wachumba. Akainuka, akapiga hatua mbili kuelekea jikoni, kisha akasimama, kwa sababu sikio lake, ambalo halikuwahi kumdanganya, lilikuwa linamwambia kwamba sauti haikutoka jikoni, ilitoka nyuma yake, chini kidogo, usawa wa meza, pale lilipolala gitaa lisilo na uzi hata mmoja, limebanwa kwa vibano viwili, tundu lake limeelekea juu. Na alipokwenda jikoni mbiombio bila kuthubutu kutazama nyuma akamkuta Mwalimu amesimama kando ya jiko, mdomo wazi, mishipa ya shingo imetoka, machozi yanamtiririka, anaita, anaita kwa nguvu zake zote, na hakuna kinachotoka, huku kule karakana ikisikika, kwa upole, kila neno ambalo midomo yake ilikuwa inalifanya. "Mume wangu, njoo. Mume wangu, kuna mtu ananivuta koo."

Akamkumbatia. Ni lazima isemwe kwamba alimkumbatia, na kwamba alikuwa anatetemeka kuliko mkewe.

Aliona dawa ni kumaliza kazi ile na kulirudisha gitaa kwa mwenyewe. Kwa hiyo siku ya tatu, gundi ilipokauka, alifunga betri mpya, akaunga waya, akapachika nyuzi sita na kuzikaza. Alipokaza wa mwisho, huko ndani Mwalimu alidondosha sufuria. Tangu hapo alibaki na mnong'ono mkavu, ule ule wa mjane. Hospitali wakammulika koo, wakasema ni koo la kuonyeshea wanafunzi, halina doa.

Fundi akalijaribu gitaa kabla ya kulirudisha.

Katika maisha yake alikuwa ameshika mamia ya magitaa, na hakuwahi kusikia sauti kama ile. Nyuzi nene zilizungumza kifuani, nyembamba zikalia bila kuumiza, na chini ya zote kulikuwa na mwanamke. Ilikuwa sauti ya Mwalimu, bila maneno. Jirani mpiga besi akachungulia dirishani, akaingia, akakaa chini. Jioni wakawa watano. "Sikio, umelifanya nini hili?" wakauliza. Fundi akasema ni kazi ya mfupa na gundi. Mlango wa ndani ulikuwa wazi, na Mwalimu alikuwa amesimama hapo, anasikia koo lake likisifiwa.

Siku ya pili yake akaenda kwa mjane, bila gitaa. Angesema amelisahau. Kabla hajabisha hodi alisikia mwanamke akiimba ndani, kwa sauti ya kujaza nyumba. Mjane akafungua, shingo wazi, hana mtandio.

"Ulizitoa zote," akasema. Hakuuliza.

"Ulijua nitazitoa?"

"Niliolewa na fundi, shemeji yangu. Kabla hajawa mpiga gitaa alikuwa fundi. Fundi ukimwambia usifanye, umeshamtuma." Hakucheka. "Kuna jini humo. Nyuzi ndizo kufuli lake. Zikitoka zote, hutoka, huiacha sauti aliyonayo, na huchukua ya kwanza anayoisikia. Zikirudi, hulala nayo. Yangu alikaa nayo miaka kumi na tisa, mume wangu akipigia watu wacheze. Mwenzio anachukuliwa sauti, wewe unapigiwa makofi."

"Ungenieleza!"

"Ningekueleza, ungekubali kutoa ya kwako? Mimi nimebaki peke yangu, na yule hatoi bila kupokea." Akamtazama kwa huruma isiyo na msaada. "Amemchukulia nani?"

"Mke wangu."

"Basi dawa unayo mwenyewe. Zitoe zote tena, na wewe uwe ndiye unayesema. Gitaa sitalichukua. Usiniletee."

Fundi akarudi, na kwa sifa yake, hakumficha mkewe. Alimweleza yote, akamshika mikono, akaapa. Mwalimu akanong'ona, "Sasa hivi?"

"Kesho. Lazima niwaage wateja, mtu hawezi kuwa bubu ghafla."

Kesho akaja kiongozi wa bendi kutoka mbali, akalisikia gitaa, akafumba macho. Keshokutwa wakaja wengine. Fundi akasema wiki hii ina wageni. Halafu akasema amesikia kuna mtaalamu anayetoa majini bila kubadilishana. Halafu hakusema sababu tena. Mchana, akiwa peke yake, alilipakata gitaa na kulipiga polepole, uso umelainika, na ukitaka kujua uchungu wa ndoa ni nini, ni huo: mwanamke amekaa chumba cha pili akimsikiliza mumewe akimbembeleza, na anayebembelezwa si yeye. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini lile lilikuwa zima kabisa. Lilikuwa limechagua.

Mkuu wa shule akatuma barua. Mwalimu amevumiliwa wiki tatu. Asiporudi kusomesha Jumatatu, darasa lake litapewa mwingine. Akaiweka ile barua mezani, juu ya koleo. Ilikuwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

"Nimeisoma," fundi akasema, gitaa mapajani.

"Ni leo," akanong'ona Mwalimu.

"Mke wangu, hebu tuongee kama watu wazima. Wewe hata ukiandika ubaoni watoto wataelewa. Mimi nisiposema na wateja nitafanyaje kazi? Na hili gitaa, sikiliza, wewe mwenyewe umo humu. Nikilifungua ninakupoteza mara mbili. Kusema kweli hujawahi kuwa na sauti nzuri kama..."

Mwalimu akachukua koleo. Fundi alidhani anataka barua yake. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amepita katikati ya karakana ile kila mchana, hakuna aliyemwuliza anaona nini, na alijua koleo hushikwa vipi na nyuzi hukatwa wapi. Akaingiza meno ya koleo juu ya tundu, akabana, zikakatika tatu zikimchapa fundi kidevuni, akabana tena, zikakatika tatu zilizobaki, na ile pumzi ya moto ikatoka na kujaa chumbani, na harufu ya kinywa kilicholala, na vumbi likanyanyuka mezani likasimama wima, na fundi, badala ya kuziba mdomo, akafanya kile alichokuwa akifanya maisha yake yote ya ndoa kila mkewe alipotaka kusema kitu, yaani akasema yeye kwanza.

"We mwanamke, una wazi..."

Haikuisha. Mdomo uliendelea, mikono ikaendelea, kidole cha shahada kikaendelea kuonya hewani, ila safari hii sauti haikwenda kidogo kidogo, iliondoka katikati ya neno.

Mwalimu akakohoa. Akasema, "A." Akasema, "E. I. O." Akavuta pumzi, akafumba macho. "U."

Akalia kidogo, kwa sauti, akifurahia hata kilio. Kisha akalichukua gitaa mapajani mwa mumewe, akavuta seti mpya ya nyuzi kutoka kwenye droo, akaketi kwenye kiti cha fundi. Fundi akamshika mkono, akanong'ona, "Usikaze. Nakuomba. Mke wangu, bado hajalala nayo, usikaze."

"Nimesikia," Mwalimu akasema.

Akapachika uzi wa kwanza, akaukaza. Wa pili. Aliifanya kazi ile kwa makini, bila hasira, kama anavyomshika mtoto mkono kumfundisha kuandika. Alipomaliza wa sita akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi zote, taratibu.

Sauti ya mumewe ikatoka, nzito, laini, inayoomba radhi bila maneno, sauti ya mwanamume anayemtaka mkewe na yuko tayari kumsikiliza. Mwalimu alikuwa ameisubiri miaka ishirini na miwili. Fundi alikuwa amepiga magoti, midomo inacheza, na Mwalimu hakumtazama. Alikuwa ameegemeza shavu kwenye mbao ya gitaa, anapiga tena, na tena, na jua likahama dirishani bila yeye kuinua kichwa.